Daktari alimkataza mpira miezi 6, nami nimekuta viatu vina tope

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Tanga, nina kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu. Baba alifariki zamani. Nyumbani tupo mama, ambaye ana presha, mimi na mdogo wangu wa kiume wa miaka 20. Hapa nitamwita Dogo, maana mtaa mzima unamwita hivyo.

Dogo anacheza mpira, winga ya kushoto. Kwenye ndondo watu wanafunga biashara kwenda kumwangalia. Mwezi wa tatu alishikwa na mafua, homa na kuhara kidogo. Siku ya tano kulikuwa na nusu fainali, akawa anasita. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nenda bwana, mafua hayajawahi kumuua mtu." Maneno hayo nayasikia kila nikiweka kichwa kwenye mto.

Wiki moja baadaye akaanza kulalamika kifua, anasema ni kama mtu amemkalia. Zahanati ya kwanza wakasema malaria, wakampa dawa ya mseto. Ya pili wakasema vidonda vya tumbo. Jirani mwenye duka la dawa akamchoma sindano za diklofenaki mara mbili. Ijumaa moja alikuwa anapandisha ndoo ya maji ngazi za barazani, ngazi tatu tu, akaanguka. Maji yalipita chini ya mlango hadi chumbani kwa mama, na hivyo ndivyo mama alivyojua kuna jambo.

Hospitali walimpima umeme wa moyo, wakashtuka, wakasema karatasi inafanana na ya mtu aliyepata shambulio la moyo. Kipimo cha damu cha troponini kikawa juu. Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha moyo unasukuma damu kwa asilimia 42. Tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Kule wakampitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye moyo, wakakuta mishipa ni safi. Daktari akatuambia ni miokadaitisi, yaani msuli wa moyo umevimba, pengine kwa virusi vya yale mafua. Alitaka afanyiwe na MRI ya moyo, ile picha ya kina ya mashine ya sumaku. Tulipotajiwa bei tukasema tutajipanga, na hadi leo hatujajipanga.

Tulikaa siku 9. Karatasi ya kuruhusiwa inasema atumie dawa za moyo, enalapril, karvediloli na spironolaktoni, asicheze mpira wala kufanya mazoezi mazito miezi 6, na arudi kliniki baada ya miezi 3.

Sasa ni wiki ya tisa. Juzi nilikwenda nyuma ya tangi la maji kutafuta mpira wa kumwagilia, nikakuta mfuko wa nailoni umefungwa vizuri. Ndani ni viatu vyake vya mpira, vina tope bichi. Nilipombana akakiri kwamba kila alfajiri, akisema anakwenda msikitini, anapitia uwanjani kukimbia. Na vidonge ameacha wiki mbili sasa, anasema vinamlegeza. Kuna timu kubwa inafanya majaribio wiki mbili zijazo, kocha wake amemwombea nafasi, na kocha hajui kama aliumwa moyo. Anajua alikuwa na malaria kali. Kliniki ni wiki tatu zijazo, yaani wiki moja baada ya majaribio.

Akanishika mkono akasema, "Dada, sisikii maumivu yoyote. Nikikosa hii nafasi nitaendesha bodaboda mpaka nazeeka. Niapie hutamwambia mama." Nikaapa.

Mama naye anaamini kijana wake alitupiwa na timu pinzani, kila Alhamisi kuna dua na kuna dawa ya kunywa kutoka kwa mzee mmoja. Nikimwambia ukweli nahofia presha yake. Nikimpigia kocha, Dogo hatanisamehe. Nikinyamaza na kikamkuta kitu uwanjani, sitajisamehe mimi. Nifanye nini? Na vile viatu, nivitupe?

Dada Mkubwa, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikisoma mafaili ya wagonjwa enzi zangu za wodini.

Umeniuliza kama uvunje kiapo au ukishike. Lakini ndani ya barua kuna swali jingine ambalo hukuliandika waziwazi: je, mimi ndiye niliyemuumiza mdogo wangu? Nianze na hilo, kwa sababu ukibaki nalo, kila utakachoamua utakuwa unakiamua kama mtu anayelipa deni.

Sitakudanganya kwamba kucheza mtu akiwa na homa hakuna neno. Tangu mwaka 1970 kuna utafiti wa panya walioambukizwa kirusi cha koksaki, kimojawapo cha virusi vinavyopenda msuli wa moyo. Panya waliolazimishwa kuogelea waliugua zaidi na wakafa wengi zaidi kuliko waliopumzika. Ndiyo maana siku hizi wanamichezo huambiwa homa ikiwepo, uwanjani hakuendwi. Lakini kirusi kilikuwa tayari mwilini mwa Dogo kabla hujafungua mdomo. Vijana wangapi wamecheza na mafua msimu huu na mioyo yao iko salama? Hakuna daktari anayeweza kusema kama nusu fainali ile ilibadilisha chochote. Na wewe uliyekosa kujua ulikuwa na wenzako: watu watatu wenye dawa mikononi walimwona baada yako na hawakujua pia. Ugonjwa huu hujificha. Homa yake hufanana na ya malaria, maumivu yake huweza kufanana na ya tumbo au ya msuli uliovutika, na aliyenao mara nyingi ni kijana ambaye hakuna anayemfikiria moyo.

Sasa tuuangalie ugonjwa wenyewe, maana nadhani mlielezwa haraka mkiwa mmechoka. Virusi huingia kwenye seli za msuli wa moyo na kuziharibu. Kisha kinga ya mwili huja kupigana, na katika vita hivyo hupiga hata seli zilizo nzima. Msuli unavimba, unajaa majimaji, unakosa nguvu ya kukamua. Troponini mliyopimiwa ni protini inayokaa ndani ya seli hizo. Ikionekana kwa wingi kwenye damu, maana yake seli zimeumia na zinavuja. Shambulio la moyo nalo huipandisha, na ndiyo sababu walipitisha ule mrija, wajue kama kuna mshipa ulioziba. Walipoukuta uko safi, ndipo miokadaitisi ikashika nafasi ya kwanza. Si lazima chanzo kiwe mafua. Virusi vya korona huweza kuleta, virusi vya Ukimwi pia, bakteria wa dondakoo, baadhi ya dawa, na magonjwa ambayo mwili hujishambulia wenyewe. Kuna wagonjwa wachache, hasa hali ikizidi kuwa mbaya bila sababu kueleweka, ambao huchukuliwa kipande kidogo sana cha msuli wa moyo kikapimwa. Kwa Dogo hawakuona haja hiyo, na hilo ni jambo la kushukuru.

Ile asilimia 42 isikutishe kama alama ya mtihani. Hata moyo wenye afya hausukumi damu yote iliyomo. Kwa kawaida kila pigo hutoa zaidi kidogo ya nusu. Kwa hiyo Dogo alikuwa chini ya kawaida, lakini hakuwa mahali ambapo hakuna kurudi. Tamko la wataalamu wa chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya la mwaka 2013 linasema karibu nusu ya wagonjwa hupona ndani ya wiki mbili hadi nne za mwanzo, na takriban robo hubaki na moyo dhaifu. Wengine huzidiwa. Yeye yuko kundi gani, mimi sijui, wewe hujui, na hata yeye anayesema hasikii maumivu hajui.

Hapo ndipo ningependa uyapime maneno yake tena. Anasema hasikii maumivu, naye anasema kweli. Lakini maumivu huondoka mapema. Kinachoweza kubaki ni kovu kwenye msuli, na kovu haliumi. Umeme wa moyo unaposafiri ukakutana na kovu au sehemu ambayo bado imevimba, unaweza kupotea njia na kuanza kuzunguka. Mtu akiwa amekaa, huenda lisitokee lolote. Akikimbia kwa nguvu zote, mapigo yapo juu na damu imejaa homoni za mbio, ndipo moyo unaweza kuanza kutetemeka badala ya kupiga. Haumpi mtu dakika ya kutoka nje ya chaki.

MRI mliyoikosa ndiyo kipimo kinachoweza kuliona kovu hilo bila kumpasua mtu. Eko inaweza kurudi nzuri kabisa na kovu likawepo. Sikulaumu kwa bei, najua kibanda kinaingiza nini. Ila ulizia upya. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kama kuna msamaha wa sehemu ya gharama, na kama ana bima, uliza inalipa hadi wapi. Swali lililoulizwa siku ya kuruhusiwa, watu wana mabegi mikononi, hujibiwa tofauti na swali linaloulizwa kliniki kwa utulivu.

Jambo la pili Dogo analoamini, na nadhani nawe umeanza kuliamini, ni kwamba ama acheze sasa ama aendeshe bodaboda mpaka uzee. Mwanangu, karatasi haikuandika maisha, iliandika miezi 6. Mwanasoka Alphonso Davies, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Buduburam nchini Ghana, naye upande wake ni huohuo wa kushoto. Januari 2022, akiwa Bayern Munich, alikutwa na dalili za miokadaitisi baada ya kuugua korona. Klabu ile ina pesa na madaktari wa kila aina, tena ilimhitaji, na bado ikamkalisha. Alirudi uwanjani Aprili. Alirudi kwa sababu vipimo vilisema arudi. Hiyo miezi mitatu hadi sita ndiyo ambayo madaktari wengi hutaja, na kabla ya ruhusa hutaka waone eko imerudi kawaida, damu haionyeshi uharibifu, mapigo yamerekodiwa kwa kimashine kinachovaliwa saa 24 bila hitilafu, na mgonjwa amekimbizwa kwenye mashine huku wakimwangalia. Dogo hajafanyiwa hata kimoja tangu atoke.

Kuhusu vidonge, usimgombeze kabla hujamsikiliza. Karvediloli hupunguza kasi ya mapigo, na kijana aliyezoea kupaa winga atahisi amefungwa jiwe mguuni. Uchovu huo mara nyingi hupungua kwa muda au kwa kubadilishiwa dozi. Kuikata ghafla ni hatari, moyo unaweza kuruka mbio kwa hasira, na pamoja na mazoezi ya alfajiri hatari inaongezeka. Lakini asianze kumeza tena dozi ileile peke yake baada ya wiki mbili. Ampigie au amwone daktari kwanza. Kuna jingine ambalo vijana hawalisemi. Spironolaktoni huweza kuwaletea wanaume maumivu au uvimbe wa matiti. Nimewaona wanaume wazima wakitupa dawa chooni kwa aibu hiyo, na wake zao hawakujua kwa nini. Huenda siyo yake. Ila akiulizwa taratibu na mtu wa kiume anayemwamini, au na daktari mkiwa mmetoka nje, anaweza kusema. Zipo dawa mbadala. Na kwa sasa akae mbali na diklofenaki na ndugu zake, yaani dawa za maumivu za jamii yake kama ibuprofeni, hata kwa maumivu ya kichwa.

Sasa kiapo. Uliapa kutomwambia mama. Hukuapa kutozungumza na Dogo tena, wala kutompigia daktari. Watu wengi wakishaapa wanadhani mdomo wote umeshonwa. Kabla ya mama na kabla ya kocha kuna mlango ambao barua yako haikuugusa: kliniki inaweza kusogezwa mbele. Namba ya hospitali ipo kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Mgonjwa aliyeacha dawa na kuanza mazoezi ana sababu ya kutosha ya kuonwa kabla ya tarehe, na wala si kwa ajili ya kushtakiwa. Ukimwambia Dogo, "Twende wakupime kabla ya majaribio, tujue," unakuwa upande wake. Upungufu wa njia hii ni kwamba anaweza kukataa, au akapata eko nzuri akaichukua kuwa ruhusa wakati daktari hajamaliza kupima. Anaweza pia kuahidi na alfajiri akaenda uwanjani. Wewe ndiye unayemjua macho yake akidanganya.

Kocha ni jambo zito zaidi. Anampeleka kijana kwenye majaribio bila kujua, na yakitokea ya kutokea atabeba kitu ambacho hakukichagua. Kwa upande mwingine, habari za moyo kwenye mpira wa mtaani hazirudi nyuma. Zikitoka, Dogo anaweza kuitwa "mgonjwa" hata akipona kabisa. Mdogo wako ni mtu mzima na ugonjwa wake ni wake kuusema. Wapo dada ambao wangempa mwenyewe siku kadhaa amwambie kocha kwa mdomo wake, na kumweleza mapema kwamba siku hizo zikipita atasema yeye. Wapo ambao wasingesubiri hata siku moja, na siwezi kuwaita wasaliti. Kocha mwenye busara anaweza kumwombea nafasi msimu ujao. Mwenye tamaa anaweza kumwambia avumilie. Yupi ni wako?

Kuhusu mama, najiuliza kama presha yake ndiyo sababu yote, au ni kwamba ukimwambia, maneno yako ya mwezi wa tatu nayo yatatoka. Ikiwa ni hivyo, umejibebesha mawili kwa siri moja. Mama huyu aliona maji yakipita chini ya mlango wake. Si mgeni wa ugonjwa huu. Kwa presha, habari inayosemwa jioni akiwa amekula na amemeza dawa zake, na mtu anayempenda akiwa pembeni, ni tofauti na habari inayoletwa na watu wanaokimbia kutoka uwanjani. Bado naelewa ukisema huwezi leo.

Imani yake usipigane nayo. Dua ziendelee, zimewabeba wengi wodini mbele ya macho yangu. Kinachohitaji kujulikana ni kilichomo kwenye ile dawa ya kunywa. Enalapril na spironolaktoni zikitumika pamoja huweza kupandisha madini ya potasiamu kwenye damu, ndiyo maana hospitali hupima damu na figo kwa wanaozitumia, na dawa ya mitishamba inaweza kuvuruga hesabu hiyo. Chukua chupa uende nayo kliniki. Daktari akiuliza, mwonyeshe bila kuona haya.

Kuna machache ambayo hayangoji uamuzi wako. Akizimia tena, mapigo yakimwenda mbio bila sababu, pumzi ikikata, miguu ikivimba au akishindwa kulala chali, ni hospitali usiku huohuo. Na kama anaendelea kwenda uwanjani hata kwa kukuficha, asiende peke yake alfajiri. Yule anayekimbia naye ajue kwamba mtu akianguka na hapumui vizuri, hamwagiwi maji wala hapewi soda. Analazwa chali, mikono miwili inawekwa katikati ya kifua, inasukuma kwa nguvu hadi kifua kibonyee kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika, huku mwingine akitafuta gari.

Viatu usivitupe. Ukivitupa atanunua vingine na atavificha mbali zaidi ya tangi. Ningekuwa mimi ningevisugua tope, nikavianika, kisha nikamkabidhi mkononi siku ya mazungumzo, nikiwa na karatasi ya hospitali mkono wa pili. Halafu ningemwacha aongee yeye kwanza.

Mkishapata tarehe mpya ya kliniki, niandikie, hata kama ni mistari miwili.

Shangazi yako